Saa Nane ya Kamera

"Shamba ni langu, paa hilo ni langu, na hicho kidole kilichoingia pembeni mwa picha ni chako wewe," Bi Siwema alisema. "Ila hapo mlipoandika kwamba ndipo nilipo, sipo. Sijapata kulima huko tangu nizaliwe."

"Bi Siwema, hii ni mara ya tatu nakwambia. Kompyuta haina undugu na mtu."

"Haina undugu? Mbona imemjua mama mkwe wako?"

Hildegarda aliweka kikombe mezani kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Chai iliruka ikadondokea kwenye karatasi, naye akaifuta kwa kiganja bila kuondoa macho kwa yule mama. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu kasoro asubuhi, mwezi wa saba, baridi ya Kilosa bado imekaa sakafuni. Alikuwa hajavua hata sweta alilokuja nalo kwenye bodaboda kutoka Behewani. Bi Siwema yeye alikuwa ameondoka Luhozi kwa basi la alfajiri, akapita Mikumi, akaja mpaka hapa na mfuko wa plastiki wenye karatasi moja tu ndani yake.

Karatasi yenyewe ilikuwa imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, naye aliibandua bila kumwomba mtu ruhusa. Juu yake palikuwa na picha ya shamba la mahindi na pembe ya paa la bati. Chini ya picha, namba za mahali, tarehe, saa, na maneno mawili kwa wino mwekundu: NDANI YA USHOROBA.

Ushoroba ni njia ya wanyama. Tembo wa hifadhi ya Mikumi wana njia zao za kwenda kwenye maji na kurudi, na mwaka huo palikuja mradi wa kuzisafisha njia hizo. Kampuni ya Nukta Ramani ilipewa kazi ya kupiga picha mashamba ya vijiji saba yaliyo karibu na mpaka, na kila picha kuiwekea mahali ilipopigwa, ili ijulikane nani yuko ndani na nani yuko nje. Luhozi yalipimwa mashamba kumi na nane. Kumi na saba yalionekana ndani. Moja lilionekana nje. Leo saa nane mchana kamati ingekaa Mikumi kuipitisha orodha, na ikishapita, waliomo ndani wangetakiwa kubomoa na kuhama kabla ya mvua. Nyumba ya Bi Siwema ilikuwa tayari ina alama ya X ukutani, nyekundu, kubwa kama mlango.

"Kijiji kizima tumo kwenye njia ya tembo," Bi Siwema aliendelea, "isipokuwa mkweo Costancia peke yake. Costancia ambaye analima kule mtoni, hata nyani wanamjua kwa jina. Na unajua ninyi mmeuweka wapi ufuta wake? Mtendaji ametuonyesha kwenye ramani. Umeota kwenye kibanda cha chai, jirani na wauza vocha! Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, halafu wanakumbuka nyumba zao, wanaacha."

"Mimi siweki kitu kwa mkono, Bi Siwema. Mashine inaweka."

"Na mashine inawekwa na nani?"

Hildegarda alikuwa na jibu lake tayari, lile alilokuwa amewaambia wote waliokuja na karatasi zao. Kamera ya ofisi ilikuwa ya zamani. Ilijua kupiga picha na kuandika saa, basi; haikujua iko wapi. Kilichojua mahali ni kifaa cha jipiesi alichokuwa akikiweka ndani ya begi kutwa nzima, kikiandika kila baada ya sekunde kumi: saa hii, mahali hapa. Kazi ilipoisha, programu kwenye kompyuta ilichukua saa ya kila picha, ikaitafuta kwenye orodha ya jipiesi, ikasoma mahali, ikaibandika kwenye picha. Picha mia sita za siku kumi na moja zilipata mahali pake kwa muda wa kuchemsha maji ya chai. Alieleza yote hayo kwa sauti ya mwalimu, huku akitazama saa ya ukutani.

"Sawa, nimeelewa," alisema Bi Siwema. "Inatafuta kwa saa."

"Inatafuta kwa saa."

"Basi soma saa hapo chini. Mimi ni wa darasa la saba, lakini namba hazinipigi chenga. Sifuri nane, arobaini na saba. Saa nane na dakika arobaini na saba. Ndiyo! Mlifika kwangu saa nane, nikawakaribisha ugali na mlenda, dereva wenu akaongeza mara mbili, ndipo mkapiga picha. Saa ni ya kweli. Mahali ndipo pa uongo. Sasa inakuwaje karatasi moja iseme kweli hapa, na hapa idanganye?"

Hildegarda alitabasamu kidogo. Hapa alikuwa kwenye uwanja wake.

"Hiyo siyo saa nane, mama. Saa za mashine zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane. Sifuri nane kwenye mashine ni saa mbili asubuhi. Kwa hiyo hapo imeandikwa saa tatu kasoro dakika kumi na tatu, asubuhi."

"Asubuhi."

"Asubuhi."

Bi Siwema aliigonga karatasi kwa kidole. "Mlikula ugali na mlenda kwangu saa tatu kasoro asubuhi? Nyie ni watu au mashine ya kukoboa?"

Tabasamu lilibaki usoni mwa Hildegarda, ila halikuwa na kazi tena. Aliivuta karatasi kwake. Sifuri nane, arobaini na saba. Aliukumbuka mlenda ule. Alimkumbuka Kondo, dereva, akifuta sahani kwa tonge la mwisho na kusema kwamba chakula cha mchana kilichochelewa kina utamu wake. Siku zote alijiambia kwamba walikula nyumbani kwa Bi Siwema mchana, na picha hii ilikuwa ya shamba lake la pili, la kule ndani, kwa sababu watu wa Luhozi kila mmoja ana shamba la pili ambalo halisemi.

"Una mashamba mangapi, Bi Siwema?"

"Moja. Nyuma ya zahanati. Unalijua. Ulinawa mikono kwenye pipa langu."

Hildegarda alifungua droo akatoa daftari la kazini. Luhozi ilikuwa siku ya mwisho. Mwandiko wake mwenyewe, kalamu ya bluu: *Saa moja na nusu asubuhi, kutembea ushoroba na askari wa wanyamapori, kukagua mawe ya mpaka. Kamera imezima, betri. Saa tano, chai kibandani. Saa sita, ofisi ya kijiji, kuchaji kamera kwa sola, kumsubiri mtendaji. Saa nane, kuanza picha.*

Alisoma mstari wa mwisho mara mbili. Kisha kumbukumbu ikaja nzima, bila kuombwa. Kamera ilipowaka ilikuwa imesahau kila kitu. Ilimtaka tarehe, akaandika. Ilimtaka saa. Alikuwa ameshika simu sikioni akizungumza na mwalimu wa mwanawe, Happyness, akamgeukia Kondo akamuuliza kwa ishara ya mkono, Kondo akaitika kutoka kwenye benchi: "Saa nane kamili, mama." Naye kidole chake kikaandika nane. Mtu mwenye stashahada ya upimaji, aliyewahi kuwafundisha wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo tofauti ya saa zetu na saa za mashine, aliandika nane badala ya kumi na nne, kwa sababu aliyemjibu alikuwa Mswahili na aliyeuliza pia.

Kwa hiyo kila picha ya mchana ule ilirudi nyuma saa sita. Programu ilipoulizwa picha ya saa nane mchana ilipigwa wapi, ilitafuta begi la Hildegarda lilikuwa wapi saa mbili asubuhi, ikalikuta linatembea katikati ya ushoroba, nyuma ya askari wa wanyamapori.

"Umeona nini?" aliuliza Bi Siwema.

"Nenda ukae kwenye benchi pale nje, mama. Naomba. Usiondoke."

"Niende wapi? Basi la kurudi ni saa sita."

Ofisi ilikuwa na chumba kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, nondo madirishani, na mlango mmoja wa kutokea ambao ulipita mbele ya meza ya Ulimboka. Bosi wake alikuwa amefika wakati wanabishana, akakaa akisoma simu yake kama mtu asiyesikia. Hildegarda alimwekea daftari mbele. Hakuzunguka. Alimweleza kosa, alilifanya nani, na lilifanyikaje, kwa dakika mbili.

Ulimboka alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi lifie hapa."

"Bosi, ni nyumba kumi na saba."

"Mama Happy, sikiliza. Ripoti ipo mezani kwa watu tangu mwezi jana. Imebaki karatasi moja tu, hati yako ya uthibitisho, ambayo ulitakiwa kuisaini jana." Aliichomoa kwenye faili akaiweka juu ya daftari. *Mimi, Hildegarda Mgaya, nathibitisha kwamba picha zote na mahali pake ni sahihi.* "Tukiwaambia leo kwamba mpimaji wetu hajui kusoma saa, vile vijiji sita vingine navyo watavikataa. Nani atatupa kazi tena hapa wilayani? Na wewe nani atakuajiri?"

"Siku nyingine zote kamera ilikuwa sawa. Naweza kuonyesha. Ni Luhozi tu."

"Luhozi tu." Ulimboka aliegemea kiti. Hakuwa mtu mkali. Ubaya wake ni kwamba alikuwa na akili. "Haya, nionyeshe. Zisogeze."

Alikwenda kwenye kompyuta yake, akafungua folda ya Luhozi. Kwenye programu palikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa *tofauti ya saa*, na ndani yake sifuri. Alichagua picha zote, akaandika sita, akabonyeza sehemu ya kujaribu tu, isiyohifadhi chochote. Kwenye ramani, nukta kumi na saba nyekundu ziliondoka porini zikaacha wekundu wao, zikaja kukaa kijijini, moja nyuma ya zahanati, mbili kando ya shule, nyingine zikajipanga barabarani kama watu wanaorudi kanisani. Kwa muda mfupi moyo wake ulikuwa mwepesi.

Kisha nukta ya kumi na nane ikaondoka kwenye kibanda cha chai. Ilivuka barabara, ikavuka korongo, ikapita mawe ya mpaka na kutulia kando ya mto. Ikageuka nyekundu.

Ulimboka alikuwa amesimama nyuma yake. "Hilo ni la nani?" aliuliza, ingawa alijua.

Walikuwa wamelipiga picha la mwisho, saa kumi na moja jioni, jua likiwa chini. Saa kumi na moja jioni mashine ilidhani ni saa tano asubuhi, na saa tano asubuhi begi la jipiesi lilikuwa kibandani, limewekwa kwenye benchi kati ya sahani ya maandazi na kofia ya Kondo.

Hapa ndipo Hildegarda alipoona aibu. Kosa la saa lilikuwa la bahati mbaya. Hili la pili halikuwa. Mwezi wa tano, nukta zilipotokea kwa mara ya kwanza, aliona ufuta wa mama mkwe wake umekaa barabarani, mahali ambapo haujapata kuota hata kwa ndoto. Angeuliza kwa nini, angelijua kosa siku hiyo hiyo. Alisema tu moyoni, *ahsante Mungu*, akafunga kompyuta akaenda kupika.

"Ukizisogeza, zote zinasogea," Ulimboka alisema taratibu. "Utamtoa huyo mama aliyekaa nje, utamwingiza aliyekulelea mtoto. Na watu watasema nini? Watasema ulimficha mkweo kwa makusudi, ulipobanwa ndipo ukakumbuka habari za saa. Hata mimi ningesema hivyo."

Hildegarda alipokwenda Morogoro kusomea upimaji, Happyness alikuwa na miezi saba. Costancia alimchukua mtoto akakaa naye miaka miwili Luhozi, akamlisha kwa ufuta wa shamba lile lile la mtoni, wala siku moja hakupiga simu kusema amechoka. Stashahada iliyokuwa ukutani kwenye fremu, nusu yake ilikuwa ya Costancia.

"Kuna njia," Ulimboka aliendelea. Alivuta kiti akakaa karibu naye, sauti imeshuka. "Zile kumi na saba zisogeze kwa mkono. Unaishika picha, unaiburuta, unaiweka panapostahili. Unaweza, sivyo? Hiyo moja iache ilipo. Tunaandika kwamba ni marekebisho madogo baada ya ukaguzi. Huyo mama anarudi nyumbani anashangilia, mkweo yuko salama, kampuni iko salama. Hakuna anayeumia. Tembo hawajui kusoma ramani."

"Na hati ya uthibitisho?"

"Unasaini. Mimi nanyamaza, na wewe unanyamaza."

Alimtazama. Ulimboka alikuwa anatabasamu kwa wema, na huo wema ndio uliomtisha. Kuanzia siku hiyo, kila atakapoambiwa asaini kitu, atasaini. Kila ramani itakayohitaji nukta moja isogee kidogo, ataletewa yeye. Hatahitaji hata kukumbushwa.

Simu yake ilitetemeka mezani. Alikuwa Amon, mume wake. Alitoka nayo mpaka chumba cha nyuma, kwenye makatoni ya karatasi, akafunga mlango.

"Mama Happy, Ulimboka amenitumia ujumbe. Anasema una mpango wa kumtoa mama shambani."

Kumbe aliutuma akiwa amesimama pale pale nyuma yake. "Sina mpango wa kumtoa mtu. Saa ya kamera ilikosewa, Baba Happy. Mimi ndiye niliyeikosea."

"Na aliyegundua nani?"

"Siwema."

"Siwema! Aliyegombana na mama kwa ajili ya mfereji! Unataka kumfurahisha Siwema, mama yangu alale wapi?"

"Nyumba ya mama iko kijijini. Ni shamba lililo mtoni."

"Na anakula nyumba? Usiguse hicho kitu. Nakuomba kama mume wako. Mashine imekosea, ikosee. Mara ngapi mashine inatukosea sisi, tunanyamaza?"

"Alama ya X ipo kwenye nyumba kumi na saba."

"Hizo kumi na saba zina wake zao na wakwe zao. Wewe una huyu mmoja." Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya chini, ambayo ilikuwa mbaya zaidi, "Hilda. Atakufa yule bibi ukimnyang'anya lile shamba."

Simu ilikatika, au aliikata. Hildegarda alisimama kati ya makatoni. Chumba hakikuwa na dirisha. Kusaini ilikuwa ni kuwabomolea watu kumi na saba. Kuburuta kwa mkono ilikuwa ni kujiuza kwa Ulimboka kwa maisha yake yote, na safari hii kwa makusudi. Kusogeza zote ilikuwa ni kwenda nyumbani kwa mume asiyezungumza, na kwa mama mkwe ambaye angemkaribisha chakula kama kawaida, na hilo ndilo asingeliweza. Alizipitia njia hizo tatu kwa zamu, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli, na kila moja iligoma.

Alitoka. Akampita Ulimboka, akaenda nje kwenye benchi. Bi Siwema alikuwa anakula muhogo aliochemsha nyumbani, ameufunika kwa pembe ya kanga ili vumbi la barabara lisiuingie.

"Ulisema kweli," Hildegarda alimwambia. "Saa nane ilikuwa saa nane. Niliiandika vibaya mimi. Shamba lako liko nje."

Bi Siwema aliacha kutafuna.

"Lakini nikirekebisha, la Costancia linaingia ndani. Peke yake."

Treni ya mizigo ilipita ng'ambo ya nyumba, ndefu, na wote wawili walisubiri iishe. Bi Siwema alifunga muhogo wake uliobaki, akaufunga tena fundo la pili lisilo na haja.

"Kwa hiyo umekuja kuniuliza mimi?"

"Sijui nimekuja kufanya nini."

"Usiniulize mimi. Nikikwambia rekebisha, utasema Siwema ndiye aliyemwingiza Costancia. Nikikwambia acha, nyumba yangu ivunjwe, nitakuwa mwongo, maana sitaki ivunjwe. Mimi nimekuja na karatasi moja. Yangu nimeshayasema." Alimtazama usoni. "Wewe mkamwana ndiye uliyesoma. Fanya kazi uliyosomea, au rudisha hicho cheti chao."

"Lile shamba lilimlea mwanangu."

"Najua. Nilikuwa namwona mgongoni mwa Costancia kila siku. Mtoto analia kama honi ya lori." Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo sauti yake ililegea. "Ila Costancia anajua alipolima. Tangu lini amesema yuko nje? Yeye mwenyewe alicheka ramani yenu kuliko sisi wote. Alisema, 'Jamani, nimekuwa muuza chai.' Anayecheka vile haogopi kuambiwa ukweli; wewe ndiye unayeogopa kumwambia."

Hildegarda alisimama. Kulikuwa na kitu kwenye maneno hayo kilichomfanya aone kwamba tangu asubuhi alikuwa amezungumza na kila mtu kuhusu shamba la Costancia, isipokuwa Costancia.

Aliingia ndani. Ulimboka alikuwa ameiweka kalamu juu ya hati, imelazwa sawasawa, kifuniko kimeshatolewa.

"Umeamua?"

"Nimeamua."

Alikaa kwenye kompyuta. Alichagua picha zote za Luhozi, akaandika sita kwenye kisanduku cha tofauti ya saa, na mara hii akabonyeza kuhifadhi. Mashine iliuliza kama ana uhakika. Alibonyeza ndiyo. Nukta zilitembea, zote kumi na nane, kila moja ikaenda kwao.

"Mama Happy. Usiitume hiyo."

Alifungua barua pepe, akaweka anwani ya katibu wa kamati na ya mtendaji wa Luhozi. Aliandika haraka, kama anavyoandika orodha ya mahitaji ya nyumbani: kwamba saa ya kamera iliwekwa vibaya kwa saa sita siku ya Luhozi, kwamba aliyeiweka ni yeye, kwamba mashamba kumi na saba yako nje na moja liko ndani, kwamba hilo moja ni la mama wa mume wake na hivyo anaomba mpimaji mwingine alihakiki kwa miguu, mbele ya mwenye shamba, kabla kamati haijasema neno juu yake. Aliambatisha ukurasa wa daftari alioupiga picha kwa simu.

"Ukibonyeza hapo, kiti hicho si chako," Ulimboka alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa inamfahamisha tu.

"Nimesikia, bosi."

Akabonyeza. Mstari mdogo ulikwenda kutoka kushoto mpaka kulia, ukachelewa katikati kwa sababu ya mtandao, ukafika. Alichukua sweta lake na stashahada yake ukutani, akapita ubavuni mwa Ulimboka, ambaye alisogea kumpisha. Nje hakusimama kwenye benchi; alimpungia Bi Siwema mkono tu, akimaanisha imeisha, na Bi Siwema akashika kichwa kwa mikono miwili.

Alitafuta jina kwenye simu akitembea. Amon angekuwa anatafuta jina hilo hilo, na alitaka kumwahi. Iliita mara mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema? Habari za huko?"

"Si nzuri, mama. Uko wapi?"

"Niko huku shambani, napura."

"Acha kwanza kupura. Kaa chini nikwambie nilichokifanya."